Mkasi wa Wifi

Fundi wa cherehani hakuwa mchoyo. Alikuwa na mkono wa birika tu, na hata huo, alisema, alifundishwa na maisha, hakuzaliwa nao. Kipande cha sabuni alikigawa mara nne kwa uzi wa cherehani. Chai iliyobaki asubuhi ilipashwa moto jioni, na atakayenuna anune. Mumewe, mlinzi wa ghala la nafaka, alizoea kuwaambia wenzake kazini kwamba mkewe akiachiwa mto mzima angeutia koki.

Kilichomuuma Fundi si kujibana. Hilo alilizoea. Kilichomuuma ni kwamba wifi yake naye alijibana vilevile, tena pengine kumzidi, lakini kwake haikuonekana.

Wifi alikuwa mdogo wa mumewe, mjane, mpishi wa shule ya msingi. Mshahara wake ulikuwa wa kuungaunga, na ukihesabu msimu wa sare za shule, Fundi alimzidi kipato. Lakini mtazame wifi akipita! Gauni ni lile lile la mwaka juzi, limepigwa pasi utadhani limetoka dukani jana. Wageni wakienda kwake walipewa chai ya rangi bila kitafunio wakatoka wanamsifu. Kwa Fundi walikunywa chai hiyo hiyo wakatoka wanamwonea huruma. Sasa hapo mtu asiyeona wivu ana moyo wa namna gani?

Na mumewe, badala ya kunyamaza, alikoleza. "Dada yangu ana mkono mwepesi," alikuwa akisema. "Akishika kidogo, kinakuwa kingi." Fundi akisikia hivyo alibana midomo na kukanyaga cherehani kwa nguvu, mshono ukaenda upande, akaufumua huku analaani kimoyomoyo.

Kubwa kuliko yote lilikuwa suala la nyumba. Marehemu mume wa wifi alimwachia vyumba viwili vya tofali, vyake mwenyewe, na cha mbele kilikaa kitupu. Ukuta wake ulitazamana na kibanda cha mabati ambamo Fundi alishonea, ng'ambo ya barabara. Kibanda hicho Fundi alikipanga, na mwenye kibanda alikuwa amekwisha kupandisha kodi mara mbili na kudokeza ya tatu. Mvua ikinyesha aliweka ndoo kati ya cherehani na nguo za watu, na bado mteja mmoja alirudishiwa suruali yenye doa la kutu, akaondoka na maneno ambayo sitayarudia. Fundi alikuwa amemwambia mumewe waziwazi: kodi ikipanda tena, ushonaji basi. Atakunja cherehani, ataketi nyumbani kusubiri mshahara wa mlinzi. Alipokuwa akiyasema hayo sauti ilimkatika, kwa sababu kazi ile ndiyo kitu pekee alichowahi kukijenga kwa mikono yake.

Basi siku nzima, akiinua macho kwenye sindano, aliona ule ukuta. Chumba kizima hakina mtu, na yeye anapigana na ndoo.

Sasa, mawifi hawa walikuwa na desturi yao ya kufunga mwaka. Jumapili ya mwisho, mchana, waliketi mkekani na kila mmoja akataja kwa sauti mipango ya nyumba yake ya mwaka unaokuja, jambo moja baada ya jingine. Mwenzake alikuwa na mkasi. Si mkasi wa chuma, bali haki ya kukata jambo moja, moja tu, analoona ni anasa. Kilichokatwa hakibishaniwi, na mwaka mzima hakiguswi. Hoja yao ilikuwa kwamba mtu haoni israfu yake mwenyewe, lakini ya mwenzake anaiona hata akiwa amefumba jicho moja. Na kweli, kwa mkasi huo walikwisha kuokoana mara nyingi.

Kulikuwa na kanuni moja zaidi: hakuna kujieleza. Unataja kitu, husemi ni cha nini, mpaka nyote wawili mmalize. Kanuni hiyo aliileta Fundi. Mwaka mmoja wifi alitaka seti ya vikombe, akavitetea kwa maneno matamu mpaka Fundi akalainika na kupeleka mkasi kwingine, halafu mwaka mzima akawa anakunywa chai kwenye vikombe vile huku roho inamsokota. Akasema, hapana, kuanzia leo mtu ataje na kunyamaza.

Jumapili hiyo mume alikuwa zamu. Wifi alikuja na mkate nusu, amejifunga kitambaa kichwani, uso umechangamka kama mtu mwenye habari ya kusema.

"Anza wewe, wifi yangu," alisema Fundi.

"Haya. Ada ya mtoto."

"Pita."

"Kubadilisha bati mbili za jikoni."

"Pita."

"Viatu vyangu vya kazini, jozi moja."

"Hivyo vya mwaka jana vimekwisha?"

"Hakuna kujieleza," wifi alimkumbusha akicheka.

"Pita, pita."

Wifi akavuta pumzi. "Kutoboa ukuta wa chumba cha mbele. Niweke mlango wa barabarani."

Fundi alihisi damu inampanda mpaka masikioni. Mlango wa barabarani! Aliliona duka papo hapo: rafu, mizani, watoto wametumwa sukari, na wifi nyuma ya meza na gauni lake lililonyooka, anacheka na wateja. Na ng'ambo, mkabala kabisa, yeye na ndoo yake. Mumewe ataanza: mnaona dada yangu? Ataimba wimbo huo mpaka wazeeke.

Alijua, na hili tusimfichie, kwamba mlango si anasa. Mtu mwenye akili ya pesa angeuacha upite na kukata viatu.

"Kata," alisema.

Wifi aliuliza, "Mlango?"

"Mlango. Ni gharama. Fundi ujenzi, mbao, bawaba, komeo. Mwaka wenyewe ni mgumu."

"Sawa," alisema wifi taratibu. "Umekata." Akamalizia kutaja yaliyobaki kwa sauti ya chini, naye Fundi akapitisha kila kitu kwa ukarimu wa mtu aliyeshiba.

Zamu ikageuka. Fundi akataja karo, dawa za mama mkwe, mafuta ya cherehani. Pita, pita, pita. Akataja godoro, ambalo yeye mwenyewe alikuwa na hakika litakatwa. Pita. Akataja kodi ya kibanda, na ongezeko lake lote. Hapo wifi alifungua mdomo, akaufunga.

"Pita," alisema.

Mpaka mwisho mkasi wa wifi haukutumika. Haijawahi kutokea. Na mnadhani Fundi alishukuru? Alikasirika. Aliona anadharauliwa, kama mtu ambaye mipango yake ni midogo mno hata haifai kukatwa.

"Mbona hukukata?" aliuliza. "Siku hizi unanionea huruma?"

"Nilikuja na kimoja tu cha kukata."

"Kipi?"

"Kodi ya kibanda." Wifi alikuwa akiokota makombo ya mkate mkekani, moja moja, bila kuinua uso. "Nilitaka uhamie chumba cha mbele. Bila kodi. Bati la pale halivuji. Lakini wateja hawawezi kupitia jikoni kwangu na mimi sipo mchana, ndiyo nikataka mlango wa barabarani."

Fundi alimtazama. Maneno yalimfikia polepole, kisha yakafika yote kwa pamoja.

"Tufanye sijakata," alisema haraka. "Wifi, tusihesabu hiyo. Nakata viatu. Au niache mimi nilipie huo mlango, kodi nitakayookoa..."

"Haturudii mkasi. Wewe ndiye mwenye kushika kanuni kuliko mimi."

"Ningejua..."

"Ndiyo, ungejua." Wifi sasa aliinua uso. Hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha Fundi zaidi. "Ulidhani ni wa nini?"

Angeweza kusema gharama. Mbao na bawaba zilikuwa bado mdomoni. Lakini wifi alikuwa anamtazama macho makavu, na Fundi akachoka ghafla na uongo wake.

"Nilidhani unafungua duka."

"Na kama lingekuwa duka?"

Fundi alianza kung'oa ukindu uliochomoka mkekani.

"Mimi mjane, wifi. Nina mtoto anayesoma. Kama ningefungua duka nikapata cha kuongezea, wewe ingekuuma nini?"

"Ingeniuma," alisema Fundi. Ilimtoka kama mwiba, na machozi yakafuata. "Kila unachoshika kinaniuma. Sijui kwa nini. Ukipita barabarani umenyooka hivyo, naumia. Kaka yako akikusifu, naumia. Hujanikosea kitu, nami naumia tu."

Alidhani wifi atamkumbatia. Ndivyo wifi alivyokuwa siku zote, mwepesi wa kusamehe, na hata wepesi huo Fundi alikuwa akimwonea kijicho. Lakini wifi alijifunga kitambaa upya na kusimama.

"Basi afadhali umekata," alisema. "Ningekuweka ndani kwangu kila siku, ukiumia, na nisijue."

Akaaga vizuri, kwa adabu zote, akamwachia mkate uliobaki. Fundi alimsikia akiwasalimia majirani huko nje, na majirani wakimchangamkia.

Jioni mume alirudi, akavua viatu mlangoni na kuuliza kabla hata hajaketi, "Enhe, mmefunga mwaka? Dada kakukata nini safari hii?"

"Hakukata kitu."

"Hata kimoja?" Alicheka kwa fahari. "Si nilikwambia? Yule ana roho nzuri. Mtu kama yule humpati popote."

Miaka yote Fundi alikuwa na jibu la maneno hayo, tena kali. Leo alimmiminia mumewe chai iliyopashwa moto, akaweka kikombe mbele yake.

"Ni kweli," alisema, na ikamuuma kuliko siku zote alizobisha.