Kifuko cha Thelathini na Tatu

Vifuko vilivyoagizwa vilikuwa thelathini na viwili, na hapo ndipo roho ya Zubeda ilipoanza kumchafuka.

Mwaka ule wa 1987 nchi ilikuwa ikitimiza miaka ishirini na mitano ya uhuru. Wakubwa waliamua kutoa sarafu ya fedha ya kumbukumbu, si ya kununulia chumvi bali ya kuwekwa kabatini na kutazamwa, yenye shairi la wimbo wa taifa lililochongwa kwa herufi ndogondogo kuzunguka ukingo. Kila aliyekuwa kwenye kwaya iliyouimba siku ya uhuru angepewa moja. Kazi ya kushona vifuko vya mahameli vya kuzitia ikamwangukia Zubeda, fundi cherehani wa Biryogo, mtaa wa Waislamu.

Lakini wanakwaya walikuwa thelathini na watatu. Zubeda alijua, maana huyo wa thelathini na tatu alikuwa yeye.

Mwaka wa sitini na mbili alikuwa msichana wa miaka kumi na minane, na baba yake, fundi naye, alimtuma shule ya misheni akawapime wasichana wa kwaya sare zao. Akawakuta wanahangaika. Mukarugwiza, aliyepewa kazi ya kuanzisha wimbo, alianzia juu mno, na kila wakifika mstari wa tatu kwaya nzima inakwama. Zubeda, pini zikiwa mdomoni, akavuta sauti ya chini kidogo, wala hakufikiri. Mwalimu akamwambia azitoe hizo pini aje asimame mbele. Siku yenyewe ndiye aliyewapa wenzake sauti, amevaa sare aliyoishona kwa mkono wake. Baba yake, mtu wa safu ya kwanza msikitini, alikuwa amenuna wiki mbili kwa binti yake kuimba na watu wa misheni. Siku hiyo alisimama juani akalia mbele za watu.

Basi Zubeda akashona vifuko thelathini na vitatu, akavipeleka Kacyiru, kwenye ofisi za serikali.

Karani wa sherehe, Nsengiyumva, alikuwa mtu wa miwani na adabu nyingi. Alieleza kwamba majina waliyatoa kwenye daftari la ubatizo la misheni. Zubeda akamwambia basi ndiyo sababu, Muislamu hatafutwi kwenye daftari la ubatizo. Karani akakubali kwamba hilo lina mantiki. Ila sarafu zilipigwa ng'ambo, thelathini na mbili kamili, hakuna nyingine. Akiingia mtu, wa mwisho kwenye orodha atatoka. Hata hivyo akipatikana shahidi mmoja tu, yeye atalipeleka neno hilo juu.

Shahidi hakuwa mbali. Mukarugwiza, sasa mke wa mkurugenzi, alikuwa amekuja asubuhi hiyo hiyo kutia sahihi. Miaka ishirini na mitano nguo zake zote zilipita chini ya sindano ya Zubeda, na siri zake nyingi pia. Zubeda alipomwona mlangoni moyo wake ukatua. Karani akamuuliza kwa Kinyarwanda, taratibu, akamweleza na lile la wa mwisho kutoka. Mukarugwiza akaitazama orodha. Alibatizwa akiwa mkubwa, baada ya wenzake wote, kwa hiyo jina lake lilikuwa la mwisho.

"Huyu alikuwa fundi wetu," akasema. "Alitushonea sare."

Wala hakudanganya, na hapo ndipo panapouma. Uongo mtupu Zubeda angeukabili. Huu uliovalishwa nusu ya kweli angeushika wapi?

Akasema ataimba hapo hapo wamsikie. Nsengiyumva akainua mkono kwa upole. Akaacha Kinyarwanda, akamsemesha Kiswahili cha kubahatisha, kama maofisa walivyozoea kuwasemesha wenye mitandio, utadhani Biryogo alikozaliwa ni nchi ya nje.

"Mama, wimbo ya taifa kila mtu iko anajua."

Akamrudishia kifuko kilichozidi. Mcheza kwao hutunzwa, husema Waswahili. Labda. Ila kwanza lazima wenyeji wakubali kwamba hapo ni kwenu.

Mwezi wa nane Mukarugwiza akaja dukani na sarafu yake. Binti yake Mukamana alikuwa anaposwa Jumamosi, na yeye mama mtu alitaka kuivaa shingoni wakwe waione. Alimkumbuka bibi wa Zubeda, aliyetoka pwani na misafara, jinsi alivyokuwa akitoboa rupia akazifanya kidani. Akaomba yake itobolewe vile vile.

Nsengiyumva, alipotoa vipimo vya vifuko, alikuwa ameonya kwamba sarafu ya namna ile haiguswi hata kwa kidole kitupu. Ikipata mkwaruzo tu, wanaokusanya vitu hivyo hawaitaki tena. Je, Zubeda alimwambia mwenziwe? Hakumwambia. Nani angemwambia?

Akaishika kwa mara ya kwanza. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyodhani. Akatafuta neno la kwanza la shairi, lile ambalo yeye ndiye aliyekuwa akianza nalo, akasimamisha msumari juu yake, akapiga nyundo. Akapitisha utepe.

Mukarugwiza akajitazama kwenye kioo, akafurahi. Kisha akauliza, bila kugeuka, kama Zubeda bado ana kinyongo. Zubeda akajibu kwamba fundi hamwekei mteja kinyongo.

Wakwe watamtaka auanzishe ule wimbo, Mukarugwiza akasema, si ndiyo sarafu yenyewe hii? Akajaribu. Akaanzia juu mno. Mstari wa tatu sauti ikamkatika, akageuka, macho yake kwa Zubeda, anangoja, kama walivyongoja wote thelathini na wawili siku ile.

Sauti ilikwisha kumpanda Zubeda kooni, ya chini kidogo, pale pale inapotakiwa. Akaimeza.

"Mama Mukamana," akasema, "mimi ni fundi wenu tu."

Akainama kutafuta mkasi uliokuwa mkononi mwake, na ile sauti ikamkaa kooni mpaka jioni.