Mjane Hatoki

Bi Maisa alikuwa uani kwake Tandika, anachambua mchele wa jioni, marehemu Mazin alipoingia. Alivua ndala mlangoni, akakung'uta udongo wa kaburini magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, kahawa ipo jikoni."

Mazin alikuwa mwanawe wa kwanza, mwenye duka la rangi na misumari, na alikuwa amezikwa wiki iliyopita. Majirani waliambiwa ni presha. Presha gani hiyo inayomkausha mtu mpaka nguo zinamvaa yeye? Lakini mtaa mzima uliitikia presha, maana mtaa una adabu, na adabu hiyo ndiyo inayotumaliza.

"Mama, mie nimekufa na ukimwi," alisema Mazin. "Dawa nilikuwa nazo. Nilikuwa nazificha dukani kwenye kopo la rangi, kisha nikaona haya kuzifuata kliniki, nikaacha. Mwanakombo hajui. Mwacheni akapime."

Bi Maisa aliendelea kutoa chuya. "Neno hilo hapa kwetu halisemwi. Ongeza tende."

Mwanakombo, mjane wake, alikuwa chumbani edani, na mimba ya miezi mitano. Kliniki hajakanyaga. Kule wanataka mume na mke wapimwe pamoja, na kila walipopanga kwenda Mazin alikuwa na mzigo wa kufuata bandarini. Sasa Bi Maisa alikuwa ameing'ang'ania eda: mjane hatoki, na mwenye mimba eda yake haiishi mpaka ajifungue.

Mazin alipotaka kumweleza mkewe mwenyewe, mama yake alimzuia penye pazia. Kifo kimeshakata ndoa, alimkumbusha, na mwanamume asiye mume haingii kwa mwanamke aliye edani. Mazin hakubisha. Akahamishia mkeka wake chini ya dirisha.

Akawa anakuja kila siku baada ya Alasiri. Majirani walimsalimia, wakamuuliza hali ya huko. Akitaja ukimwi, walitazama simu zao. Imamu alikuja, akamsikiliza marehemu mpaka mwisho, akamwambia Bi Maisa waziwazi kwamba eda haimzuii mtu kwenda kutibiwa. Bi Maisa alimshukuru, akamfungia halua ya kupeleka nyumbani. Alipoondoka, akautia komeo mlango wa Mwanakombo kwa nje.

"Nina mabinti wawili wa kuoza," alimwambia Mazin. "Nani atakuja kuposa hapa?"

Mwanakombo alikuwa ameyasikia yote dirishani. Alilia, na hakuwa akimlilia marehemu. Asubuhi moja, Bi Maisa akiwa sokoni, komeo lilifunguliwa. Mazin, siku hiyo hakungoja Alasiri, alikuwa amesimama ukumbini.

"Ulijua," alisema Mwanakombo, "na ukaendelea kuja kitandani bila kinga?"

"Niliona haya."

"Na mimi je? Na huyu tumboni?"

Mazin akampisha njia. Mwanakombo akajitanda, akatoka.

Kliniki, muuguzi Filomena alimpima, akamwambia ana virusi. Hakuzungukazunguka. "Mtoto bado tunaweza kumkinga, dada. Unaanza dawa leo, na usiruke hata siku moja. Akizaliwa, naye tutampa zake." Mwanakombo akameza kidonge cha kwanza palepale.

Alirudi na kopo la dawa mkononi, hakulificha. Akakuta nguo zake kwenye mfuko, nje ya geti.

"Umevunja eda ya mwanangu," alisema Bi Maisa kutoka ndani. "Kwangu hukai."

"Na aliyeniambukiza?"

Nyuma ya Bi Maisa, Mazin alikuwa ameshakaa mkekani. Alifungua mdomo aseme, mama yake akamjazia kikombe.

Mwanakombo akaenda kwa dada yake Mbagala, na dawa akazinywa kila siku. Mtoto alizaliwa wa kike. Alipopimwa, hakuwa na virusi. Bi Maisa aliposikia alifurahi sana, akamtuma binti yake mmoja akamlete mjukuu. Mama wa mtoto, alisema, abaki hukohuko.

"Mwambie mtoto ananyonya, na mie nameza dawa," alijibu Mwanakombo. "Akimtaka, aje mwenyewe asimame hapa mlangoni, aseme mwanawe alikufa na nini."

Bi Maisa hajaenda mpaka leo. Anasema hana nafasi, Alasiri ana mtu wa kumpikia kahawa.