Jina la Kumi na Mbili

Ijumaa, tarehe 24 Aprili. Hapa Ghubra kulipambazuka na ukungu wa joto, vioo vya magari vimelowa kana kwamba vimemwagiwa maji, na simu ya mume wangu ilisema kuwa ikifika saa nne vumbi litapiga njia ya Nizwa. Marhoon huitazama hali ya hewa kila Ijumaa. Akitoka msikitini kwa sala ya alfajiri hurudi na jirani yetu Musallam, wakanywa kahawa kwa tende, kisha wakaondoka pamoja kwenda soko la mbuzi kule Nizwa. Hanunui kila wiki. Huenda kutazama tu. Lakini kwa Ijumaa hii nilikuwa nimemwomba Mungu siku arubaini amzuie asiondoke, angalau mpaka saa mbili, na kabla hajarudi nikawasha televisheni ya sebuleni.

Miaka mitatu alikuwa hasemi na mwanawe.

Mwanetu ni mmoja tu, Yaqdhan. Alikwenda Marekani kusomea uhandisi wa mafuta, akamaliza, alhamdulillahi, lakini kazi aliyoishika si ya mafuta. Kule wana mpira wao, ule wa kofia ngumu na mpira uliochongoka kama yai. Kila mwaka timu kubwa huchagua vijana kutoka vyuo vikuu, timu moja baada ya nyingine kwa zamu, na nchi nzima hutazama. Siku ya kwanza huchaguliwa vijana thelathini na wawili. Kabla ya siku hiyo wako watu ambao kazi yao ni kuwatazama vijana hao mwaka mzima na kuandika orodha: huyu atachaguliwa wa kwanza, huyu wa pili. Yaqdhan ni mmoja wao. Gazeti moja la kwenye mtandao limemwajiri kwa kazi hiyo.

Alipomweleza baba yake, Marhoon alimuuliza amejuaje jambo ambalo halijawa. Yaqdhan akacheka, akasema yeye ana jicho. Kile kicheko ndicho kilichoharibu. Marhoon alisema kuwa ghaibu anaijua Mungu peke yake, na anayedai kuijua ni mpiga ramli, na nyumba yake haijapata kutoa mpiga ramli. Akaapa: wallahi, hasemi naye mpaka aiache ramli hiyo. Mume wangu si mtu wa viapo. Kwa sababu hiyo kile kimoja alichoapa kikamshika kama mwiba wa samaki kooni, hakimezeki wala hakitoki.

Hakunikataza kusema na mwanangu. Simu ikilia, yeye huinuka akaenda uani. Yaqdhan huniuliza, “Baba hajambo?” nami humjibu hajambo. Idi Kubwa tatu hakuja. Angekujaje nyumba ambayo salamu yake haitajibiwa?

Niliona kuwa siwezi kumtetea mwanangu kwa kazi nisiyoijua. Nikasali istikhara, kumwomba Mungu anichagulie lililo jema, kisha nikajiandikisha darasa la Kiingereza la jioni kule Darsait. Nilikuwa na miaka hamsini na saba. Msahafu nausoma tangu utoto, lakini herufi za Kizungu zilikuwa kwangu kama nyayo za kuku. Wanafunzi wenzangu walikuwa vijana wa madukani waliokuja wamechoka na kazi, wakinipisha kiti cha mbele karibu na kipoza hewa. Mwalimu wetu, Bi Hajar, ni rika la binti ambaye sikujaaliwa. Mwaka wa pili alituambia kila mtu alete kitu ambacho moyo wake unataka kukisoma. Wengine walileta mikataba yao ya kazi. Mimi nilileta orodha ya Yaqdhan. Bi Hajar hakucheka. Tulikwenda nayo mstari kwa mstari, kila Jumapili na Jumanne baada ya Magharibi, na neno nisilolijua nililiandika kwenye daftari, nikalirudia nikikuna nazi.

Marhoon alijua kuwa nasoma. Hakujua nasoma nini.

Basi alfajiri ile waliingia, Marhoon mbele na Musallam nyuma, wakakuta ukumbi mkubwa wa Marekani sebuleni kwetu, watu wamevaa jezi wanapiga kelele. Nassimbwa, msichana wa Kiganda tunayekaa naye mwaka wa tano sasa, alikuwa ameshaleta birika la kahawa, naye amevaa gauni lake la kwenda kanisani, kwani huku kanisa lao husali Ijumaa. Marhoon alinitazama mimi, hakuitazama televisheni. Akauliza kwa sauti ya chini kama nimeamua kumletea ramli sebuleni.

Nikamwomba asikilize ukurasa mmoja tu, kisha aende sokoni kwake na radhi zangu. Musallam akasema, “Yakhe, kaa. Kahawa yenyewe haijamiminwa.”

Akakaa kwenye ncha ya kiti, ufunguo wa gari mkononi.

Nikafungua simu yangu, nikatafuta jina la kumi na mbili. Hilo ndilo lililokuwa limewachekesha watu kule. Yaqdhan alimweka hapo kijana wa chuo kidogo, mkimbiaji na mdakaji, ambaye hakuna mwandishi mwingine aliyemtaja hata katika thelathini na wawili. Gazeti lilikuwa limemwonya: aondoe jina hilo au ajibebee mwenyewe fedheha yake. Hakuliondoa. Nikasoma kwa Kiingereza, polepole, kidole kikifuata mstari, na kila sentensi nikaigeuza kwa lugha yetu. Alikuwa ameandika hivi:

“Watu humtazama kijana huyu anapokuja na mpira. Mimi humtazama anaporudi mahali pake, anapodhani hapana anayemwona. Baba yangu alinifundisha hivi kwenye soko la mbuzi nilipokuwa na miaka saba. Alikuwa akimwacha mbuzi apite, asimtazame, mpaka ageuzwe na kuondoka. Akiniambia: uso ni wa muuzaji, miguu ya nyuma ndiyo ya mnunuzi. Sijui ghaibu. Najua kutazama, na hilo nimepewa na baba yangu.”

Ukumbi ule wa Marekani uliendelea na kelele zake. Nassimbwa alikuwa amesimama na birika, hakumimina.

Mtu asiyelijua soko la Nizwa nimweleze kidogo. Wauzaji huzunguka na mbuzi wao ndani ya duara, na wanunuzi huchutama kandokando wakawatazama. Wengi hushika pembe, hufungua mdomo kuhesabu meno. Marhoon hachutami penye mlango wanapoingilia. Hukaa upande wa pili, pale ambapo mnyama huwa amekwisha pita. Watu humcheka kuwa anatazama mikia. Lakini Musallam, ambaye amekwenda naye miaka ishirini, hanunui mbuzi wa Idi mpaka Marhoon aitikie kwa kichwa.

“Kayaandika kweli kama nilivyosema,” Marhoon alisema mwishowe. Ufunguo wa gari akauweka mezani.

Tukakaa. Nilimweleza utaratibu kwa Kiingereza changu cha Darsait: timu hii, kijana huyu, sasa zamu ya nani. Aliuliza maswali machache, na kila swali lilikuwa la mtu anayejua kazi ya kuchagua. Je, wamewaona wakitembea au wamewaona kwenye picha tu? Ilipofika zamu ya kumi na mbili, nilijikuta nasoma dua kwa ulimi usiosikika, na Nassimbwa naye mkono upo kwenye msalaba wake mdogo wa shingoni. Wakatangaza jina. Halikuwa lile.

Musallam akapiga paja. “Ramli imegoma, Sheikh.”

Nilidhani Marhoon atainuka. Hakuinuka. Akauliza kama kijana yule bado anaweza kuitwa, nikasema ndiyo, bado ishirini. Akasema basi tungoje. Saa kumi na mbili ilipita, jua likawa jeupe nyuma ya ukungu. Nassimbwa alileta mkate wa kumimina, akauliza kama anaweza kuchelewa kanisani kidogo, maana ameshamweka Yaqdhan kwenye maombi yake tangu Kwaresima na angependa kujua jibu. Marhoon akamwambia akae.

Kwa kuwa kichekesho cha jina lile kilikuwa kimeenea, wakati mmoja walimwonyesha kijana mwenyewe, yuko kwao, sebule ndogo imejaa jamaa, anangoja simu. Kila mtu pale alikuwa akitazama kamera. Yeye akainuka kumletea bibi yake maji, akaipa kamera mgongo. Marhoon akateremka kitini akachutama juu ya zulia, viwiko juu ya magoti, kama anavyokaa sokoni.

“Miguu mizima,” alisema. “Hana kilema hata kimoja. Hawa wamelala.”

“Ndiyo hayo hayo aliyoyaandika mwanao,” Musallam alisema. “Sasa wapiga ramli wamekuwa wawili.”

Zamu zikaisha, thelathini na mbili zote. Kijana hakuitwa. Nilikuwa nimemwomba Mungu mwanangu apatie, ili baba yake aone kuwa anajua kazi yake, na Mungu hakunipa. Nikasema alhamdulillahi ala kulli hal, sifa ni za Mungu kwa kila hali, na nilipolisema nililia.

Marhoon akaniuliza Yaqdhan anafanya nini saa hii. Nikamjibu kwamba kule ni karibu na saa sita ya usiku, yuko peke yake, na watu wanamcheka. Akaniambia nitazame kama ameandika kitu. Nikafungua ukurasa. Alikuwa ameandika dakika chache zilizopita, nami nikasoma, na safari hii sikuhitaji kidole:

“Nilikosea. Kumi na moja nimewapata mahali pao, ishirini na mmoja nimewakosa. Juu ya jina la kumi na mbili msilaumu gazeti, nililiweka mimi. Kesho nitaeleza kila kosa na sababu yake, moja moja.”

Marhoon akamgeukia Musallam.

“Wewe umepata kumsikia mpiga ramli akisema nilikosea?”

“Sijapata,” Musallam alisema. “Yeye husema hukuleta kuku wa rangi aliyoitaka.”

“Huyu kahesabu makosa yake mbele za watu.”

“Kahesabu. Na simu yako ilisema vumbi saa nne. Kama kutazama dalili ni ramli, basi wewe unakwenda nayo sokoni kila Ijumaa.” Musallam akaweka kikombe chini, na mzaha ukamtoka usoni. “Yakhe, nilikwambia mwaka wa kwanza, kumhama Muislamu mwenzio kupita siku tatu haifai. Seuze mwanao.”

Marhoon akasema kiapo ni kiapo. Musallam akamjibu kuwa aliapa hasemi naye mpaka aiache ramli, na mtu haachi kitu ambacho hajapata kukishika, kwa hiyo kiapo kilikuwa hewa tangu siku ile. Marhoon akatikisa kichwa. Alisema hataki kujipenyeza kwa Mola wake kwenye tundu dogo kama hilo. Aliapa kwa hasira juu ya jambo asilolijua, na njia ya kutoka imeandikwa: kafara, kulisha masikini kumi. Atailipa, na kosa ni lake.

Akaniangalia. Macho yake yalikuwa mekundu, na sijui kama ni usingizi.

“Mpigie, Mama Yaqdhan.”

Nikalitafuta jina lake, machozi yakanizuia kusoma. Nassimbwa akaichukua simu mkononi mwangu, akabonyeza jina, akaweka sauti juu, akaiweka mezani kati ya tende na birika. Ikalia mara mbili.

“Mama,” Yaqdhan alisema, “usilie. Mimi sijambo.” Kisha, kama desturi yake, “Baba hajambo?”

“Hajambo,” Marhoon alisema.

Tukasikia pumzi tu, ikija na kukatika. Marhoon akasogea karibu na meza, bado amechutama pale zulini.

“Nimemtazama kijana wako. Miguu yake mizima. Waliomwacha ndio waliokosea, wewe hukukosea. Hao watu wanachagua tena?”

“Kesho, baba.” Sauti yake ilikuwa ya mtoto. “Wanaendelea kesho na keshokutwa.”

“Basi tutatazama. Mama yako atanisomea.” Akasafisha koo. “Mimi ndiye niliyekosea, kuliko wewe mara ishirini na moja. Nisamehe, mwanangu.”

Nassimbwa alikuwa ameufunika uso wake kwa kitambaa cha kanisani. Marhoon akainuka, akasimama wima kama anayesimama kwa sala, akamwonyesha kila mmoja wetu kwa mkono ingawa mwanawe hawezi kuuona.

“Musallam shahidi, Nassimbwa shahidi, mama yako shahidi, na Mungu yuko juu ya mashahidi wote. Masikini kumi nitawalisha kabla jua la leo halijatua. Na Idi hii inayokuja, inshaallah, sitatia mguu soko la Nizwa mpaka wewe uje. Tutachutama pamoja upande wa pili, na mbuzi utamchagua wewe.”