Safari ya Saa Nane

Kwa miaka kumi na tisa abiria wa kiwanja kile cha ndege walimjua kwa sauti tu, na wafanyakazi wenzake, ambao sura yake waliiona kila siku, nao walimwita hivyo hivyo: Sauti. Alikaa katika chumba cha matangazo, chumba chenye upana wa kitanda, kati ya stoo ya mafagio na choo cha wanaume. Ndani mlikuwa na kiti kimoja, kipaza sauti kimoja, na dirisha ambalo nusu yake ilizibwa na mashine ya kupoza hewa iliyoacha kupoza siku nyingi. Nusu iliyobaki ilimwonyesha sehemu namba mbili ya kuegesha ndege, na hiyo ndiyo iliyokuwa ofisi yake hasa.

Maana Sauti hakutangaza kwa saa wala kwa karatasi. Saa za ukutani zilikuwa tatu na kila moja ilikuwa na msimamo wake, na karatasi za ratiba zilichelewa kuliko hizo ndege. Alitangaza kwa kumwangalia mjaza mafuta. Yule bwana akishachomoa mpira wake, akauviringisha na kumpungia rubani mkono, Sauti alibonyeza kitufe. Kuanzia hapo mambo yalikwenda yenyewe. Babu Geti, mzee wa mlangoni, alifungua mlango na kuanza kuchana vipande vya tiketi. Wapakiaji walisukuma mkokoteni wa mizigo. Mfagiaji alishuka kwenye ndege na ndoo yake, na abiria wakatembea kwa miguu kwenye lami mpaka kwenye ngazi. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu. Meneja mmoja wa zamani aliwahi kuuita utaratibu huo uzembe mtupu, akakaa miaka miwili akitafuta wa kuweka badala yake, hakuupata, akahamishwa.

Meneja wa sasa alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, na kazini wote wawili walijitia kutojuana.

Mwanzoni mwa mwezi ule shirika la ndege lilibadili huduma. Safari ya asubuhi ilifutwa. Ile ya saa nane mchana, safari kongwe kuliko mfanyakazi yeyote pale, ilisogezwa hadi saa kumi na moja. Tangazo lililobandikwa ukutani halikuthubutu kutamka neno kufuta. Lilisema "maboresho ya huduma kwa wateja wetu", na Sauti mwenyewe alilisoma mara sita kwa siku, wiki nzima, kwa ile sauti yake ya kubembeleza, mpaka watu wakaamini kweli kuna kitu wameongezewa.

Juu ya hayo kulikuwa na suala la kukodisha kiwanja kizima kwa kampuni binafsi. Mji uligawanyika. Waliotaka walisema serikali imeshindwa hata kubadili balbu za chooni. Wasiotaka walisema kampuni itabadili balbu, kisha itatoza kiingilio cha choo. Kuhusu choo, pande zote mbili zilikuwa na haki.

Kwa Sauti jambo lilikuwa moja tu. Wafanyakazi walikuwa arobaini na wanne, na kampuni ilikwisha kusema kwamba ikipewa kiwanja itabaki na kumi na wawili. Orodha aliiandaa meneja. Jumapili moja, jikoni, dada yake alimnong'oneza huku akichambua mchele.

"Wewe ni wa tatu. Lakini mdogo wangu, usiniharibie. Shemeji yako amejikaza kukuingiza, na watu wameshaanza kusema undugu. Ukiteleza hata kidogo, hana pa kukutetea."

"Nitateleza wapi mimi, dada? Kazi yenyewe ni ya kukaa."

Alisema hivyo kwa utani, lakini tangu siku ile roho yake ilikuwa juu juu. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na moja. Nje ya chumba kile hakuwa mwongeaji. Sokoni alinunua kwa kunyoosha kidole, na kwenye vikao vya ukoo alikaa karibu na mlango. Alikuwa na mahali pamoja tu duniani ambapo akisema neno watu husimama, na mahali penyewe ni pale kati ya mafagio na choo. Aliogopa kupakosa, na hofu hiyo hakumwambia mtu.

Siku ya kikao cha kukusanya maoni ya wananchi, wakubwa wa kampuni walikuja kumi na mmoja, kwa ndege ya kukodi. Ilikuwa nyeupe, haina maandishi, saizi ile ile ya ndege ya saa nane. Sehemu namba moja ya maegesho ilikuwa ikizibwa nyufa, kwa hiyo ikaegeshwa namba mbili. Hakuna aliyeshangaa weupe wake. Shirika lilikuwa na mazoea ya kuazima ndege za kila rangi. Kikao kikafunguliwa ghorofani, kwenye mgahawa.

Chini, ukumbini, walikaa abiria thelathini na mmoja. Wengine walikuwa wa ile safari ya asubuhi iliyofutwa, wengine tiketi zao bado ziliandikwa saa nane. Wote walikuwa pale tangu mapema, wamechoka na wamenuna. Wasichana wa dawati, kwa huruma, walikwisha kupokea mizigo yao na kuipanga kwenye mkokoteni.

Saa nane kasoro dakika tano, mjaza mafuta alichomoa mpira wake kwenye ile ndege nyeupe. Akauviringisha. Akampungia rubani mkono.

Sauti alikuwa akiwaza namba tatu, kwamba ni namba nzuri, si ya mbele sana ya kuonewa wivu wala ya nyuma sana ya kukatwa. Kidole kikaenda chenyewe.

"Abiria wa safari ya saa nane, mnaombwa kuelekea mlangoni. Tunawatakia safari njema."

Ratiba mpya ilikuwa imebandikwa mbele ya macho yake, juu kidogo ya kipaza sauti. Alizima kitufe, akafunga mlango kwa ufunguo, akapanda ghorofani kusikiliza kikao, kama alivyokuwa akipanda kila siku saa hiyo kunywa chai.

Alikaa kiti cha mwisho. Mkurugenzi wa kampuni, mtu mnene wa suti, mpole wa maneno, alikuwa amesimama.

"Ndugu wananchi, hatuna ugomvi na mtu. Lakini hapa kwenu, tangu ndege imalize kujazwa mafuta mpaka milango ifungwe, ni dakika hamsini. Sisi tutafanya kwa ishirini na tano. Ndiyo tofauti ya mtu mwenye mali na mtu asiye na mali."

Wachache walipiga makofi. Ndipo fundi umeme, msemaji wa wafanyakazi, aliyekuwa ameegemea dirisha tangu mwanzo akitafuta la kusema, akapata.

"Mheshimiwa, samahani sana. Hebu sogea hapa dirishani. Mpira wa mafuta umechomolewa saa nane kasoro tano, nimeona kwa macho yangu. Sasa ni saa nane na dakika kumi na tatu, na wale vijana wanafunga mlango wa mizigo. Hiyo ni dakika kumi na nane! Hesabu yako ya hamsini uliitoa wapi?"

Mgahawa ulilipuka kwa vigelegele. Watu walikimbilia madirishani. Mkurugenzi naye alisogea, akapachika miwani, akatazama kwa muda.

"Wanapakia ndege gani?"

"Ya abiria, mheshimiwa."

"Ile," mkurugenzi alisema, bila kupandisha sauti, "ni ndege yangu."

Watu wakavunjika mbavu. Sauti hakucheka. Kabla hajajua anafanya nini alikuwa ameshafika nusu ya ngazi.

Kilichokuwa kimetokea ndani ya ndege kilijulikana baadaye. Rubani alikuwa ameambiwa awe tayari muda wowote kwa wageni, hivyo wageni walipofika aliwapokea. Kila mmoja alipewa maji ya matunda na kitambaa cha moto cha kujifuta uso. Walikalia viti vya ngozi, na hakuna hata mmoja aliyeshtuka, kwa kuwa wiki nzima walikuwa wameambiwa habari za maboresho. Meneja alipoingia kuwashusha, bibi mmoja mwenye kitambaa chake kipajini alimtazama kwa huruma.

"Mwanangu, mimi nimekaa kile kiti cha chuma tangu asubuhi. Hapa sitoki mpaka tufike."

Ilichukua dakika arobaini kuwashusha.

Koridoni, nje ya stoo ya mafagio, meneja aliwasimamisha Sauti na Babu Geti. Jasho lilikuwa limemlowesha kola.

"Kikao kinaendelea na wanataka kujua nani. Shemeji..." Alikuwa hajawahi kumwita hivyo kazini. "Shemeji, unajua jina lako liko wapi kwenye orodha."

"Najua."

"Sema mimi," Babu Geti aliingilia. "Mwezi ujao nastaafu, nani atanifanya nini? Nitasema nilifungua mlango kabla ya tangazo, huyu binti akadhani mambo yako sawa. Uzee huu nao utumike walau mara moja."

Meneja aliangalia sakafu. "Hilo linawezekana," alisema.

Kichwani Sauti alikuwa ameshakubali, na tuseme ukweli, alijisikia nafuu kubwa.

Ghorofani pande mbili zilikuwa zimeshagawana tukio. Waliotaka kampuni walisema: mnaona, kiwanja hakina mwenyewe. Wasiotaka walisema: mnaona, watu hawa hata wakikosea wanakosea haraka. Mwenyekiti wa kikao aligonga meza, akamwita mkuu wa wapakiaji.

"Nani alikuamuru upakie?"

"Sikuamriwa, mheshimiwa. Nilimsikia Sauti."

"Hukuangalia ndege?"

"Nikishamsikia Sauti siangalii."

Mfagiaji alijibu vilevile. Kisha Babu Geti alisimama, akavua kofia, akaanza maneno yake. Aliyasema vibaya. Alikuwa mtu asiyejua kudanganya; alisema alifungua mlango mapema, kisha akasema hakumbuki mapema ya saa ngapi. Nyuma kijana mmoja akacheka, akasema kwa nguvu kwamba wazee kama huyu ndio wanaoua viwanja. Babu Geti aliendelea kusimama na kofia yake mkononi.

Kicheko kile ndicho kilichomshinda Sauti.

"Babu hakukosea," alisema.

"Hatusikii huko nyuma!"

Alisimama. Bila kipaza sauti, sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilitangaza mimi. Ratiba mpya ilikuwa mbele yangu, sikuitazama. Miaka kumi na tisa sitazami karatasi, natazama mafuta. Mzee alifungua mlango kwa sababu aliniamini."

Mkurugenzi aligeuka kitini, akamtazama kwa adabu kabisa.

"Kwa hiyo kiwanja kizima kinamtegemea mtu mmoja, na huyo mmoja hasomi?"

Ilikuwa kweli. Meza ya mbele, shemeji yake alifungua jalada, akatoa kalamu mfukoni, na akapiga mstari mfupi karibu na juu ya ukurasa. Hakumwangalia. Sauti alikaa. Alijisikia mtupu, na aibu, na chini ya aibu kitu kama hasira ambayo hakujua amwelekezee nani.

Wakubwa waliondoka saa kumi, katika ndege iliyokuwa bado inanukia maji ya matunda. Saa kumi na nusu ndege halisi ilitua, kuukuu, imepauka mkiani. Mjaza mafuta alifanya kazi yake, akapunga mkono. Sauti aliutazama mkono ule. Akasoma ratiba kwa kidole, mstari kwa mstari. Akapiga simu kwenye mnara wa kuongozea ndege, wakamjibu kwa kushangaa, maana hakuwahi kuwapigia. Ndipo akabonyeza.

"Abiria wa safari ya saa kumi na moja, mnaombwa kuelekea mlangoni."

Wapakiaji hawakugusa mkokoteni, walisimama wakiangaliana. Ukumbini hakuna aliyeinuka. Alirudia. Kupitia ukuta alimsikia mtu akisema, "Hatudanganyiki mara mbili," na wengine wakiitikia.

Alifungua mlango wa chumba chake. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kutoka kwenda ukumbini baada ya kutangaza. Alipita katikati ya viti vya chuma mpaka alipokaa Babu Geti, akageuka, akawaona wote thelathini na mmoja kwa pamoja wakimtazama.

"Ni mimi ninayetangaza," alisema. "Mchana niliwapoteza. Nisameheni. Sasa ndege ni hii, nimehakikisha."

Bibi wa kitambaa alimkodolea macho. "Kumbe ndiye wewe? Miaka yote hii mimi najua ni kabinti."

"Ni mimi, mama."

"Hebu sema tena, kama unavyosemaga."

Sauti akasema tangazo zima kutoka mwanzo mpaka kuwatakia safari njema, mikono yake ikiwa pembeni, hajui aiweke wapi. Babu Geti akafungua mlango. Bibi ndiye aliyeinuka wa kwanza, akajikongoja na mkoba wake, na nyuma yake wengine wakaanza kuinuka mmoja mmoja. Nje wapakiaji walianza kusukuma mkokoteni.

Bibi alipompa Babu Geti tiketi yake, alimshika Sauti kiganja.

"Naenda kwa mwanangu, kuuguza mjukuu. Nitarudi mwezi wa saba. Nikishuka nitakutafuta hapa, tusalimiane vizuri."

Mwezi wa saba ndio mwezi ambao kampuni, ikipewa kiwanja, ingekabidhiwa funguo.

"Karibu sana, mama," Sauti alisema, kwa ile sauti ambayo kila mtu aliifahamu.