Moto Aliousikia Mama

Asubuhi za ukungu huku ughaibuni, kuba la basilika ya Koekelberg huelea hewani, la kijani, utadhani halina kanisa chini yake. Kwa miezi saba mama alilitazama kutoka dirishani kwetu, mdomo wazi kidogo, hayupo. Ni dawa zilizomfanya hivyo. Daktari alimwandikia dawa za akili, na aliyemfikisha huko ni mimi.

Mama alikuwa amesema jambo dogo tu: "Nasikia moto mu tumbo."

Nami, niliyeringa na Kifaransa changu cha Bukavu, nikatafsiri papo hapo. Kiswahili kina neno moja kwa sikio na kwa mwili. Kifaransa kina mawili, na mimi nikaokota la sikio. Daktari akauliza kama moto huo humsemesha mama. Nikadhani ni utani wa kizungu. Nikacheka, nikajibu ndiyo, kila akimaliza kula.

Kidonda cha tumbo kilipogunduliwa, kilikuwa kimeshageuka saratani. Sikumwambia mtu kosa lilikuwa la nani, hata mama mwenyewe.

Wakati huo nilikuwa nahudumia wazee katika makao yao, mtaa wa Evere, pamoja na Rosaura wa Guayaquil. Yeye na Walatino wenzake walikuwa wanadai manispaa iajiri wakalimani kwenye kituo cha afya, maana watu wao walikwenda kutibiwa wakitafsiriwa na jirani, binamu, au yeyote aliyejua kusema bonjour. Walikusanya saini mwaka mzima. Baraza lilipokaribia kupiga kura, Rosaura aliniomba na mimi niseme. Nikakubali, nikiwa nimepanga kumtwisha daktari lawama zote.

Ukumbi ulikuwa na joto na harufu ya makoti yaliyolowa. Nilipoinuka, taa zikaanza kuelea kama lile kuba, na sauti yangu ikanitoka kwa mbali, ikisema nisichokipanga.

"Daktari alipewa neno baya," nilisema, "na mimi ndiye niliyempa. Mnanisikia, Kifaransa najua. Hakikutosha."

Mjumbe mmoja akataka kujua ni neno gani. Nikaeleza huku nikilia, kwa aibu tupu. Rosaura akasimama bila kuruhusiwa, akasema kwao pia neno la mwili huingia sikioni, na kwamba miaka ishirini yupo hapa, lakini akiumwa bado anapapasa maneno. Hakuna aliyemwambia akae.

Hoja ikapita kwa tofauti ya kura mbili. Wakalimani wa Kihispania na Kiswahili wangekuja kila Jumanne. Mama hakuishi kuiona Jumanne ya kwanza.

Lakini jioni ile ya kura alikuwepo, macho, akiwa ameachishwa zile dawa, kiti chake kimeelekezwa dirishani. Nilikaa sakafuni, nikamweleza yote: baraza, Rosaura, neno lile, kicheko changu mbele ya daktari. Nilisubiri anikemee. Nilitamani anikemee.

"Balikusikia?" akauliza.

Nikafikiria masikio yao, nikafikiria miili yao.

"Ndiyo, maman. Balinisikia."

Akauchukua mkono wangu, akauweka juu ya tumbo lake, pale pale penye moto, akaukandamiza kwa viganja vyake viwili.

"Bon," akasema. "Na mimi nakusikia."