Maharage ya Mpawe

Wimbo ulitoka safi mno kwenye spika, na ubaya wote ulianzia hapo.

Mwamvua Mansuri alikuwa ameuandaa kwa wiki nzima. Kazi yake, katika ofisi ya vyumba viwili nyuma ya soko la Kasulu, ilikuwa kutunza sauti: nyimbo, masimulizi na maamkizi ya Waha, yanayorekodiwa vijijini na kuhifadhiwa kwenye kompyuta ili watafiti wayapate leo na wajukuu wayakute kesho. Baba yake, muuza kanga na vitenge, mpaka sasa hajaelewa ni kwa vipi binti aliyemaliza chuo kikuu analipwa mshahara kwa kusikiliza vikongwe wakiimba. Mwamvua alimwacha ashangae. Aliipenda kazi ile kuliko alivyokuwa tayari kukiri dukani kwa baba, na katika sauti zote alizozitunza hakuna aliyoipenda kama ya Mama Ndayisaba wa Kitanga, katika ule wimbo wake wa kumuaga binti anayeolewa.

Basi ilipofika siku ya kuwarudishia wanakijiji nyimbo zao, yeye na fundi wake wa sauti, Saady, walifunga spika kwenye pikipiki, wakaenda nayo mpaka Kitanga, wakaiweka barazani kwa bibi mwenyewe. Majirani walijaa ua mzima. Maamkizi peke yake yangetosha kuivisha uji, maana Waha hawasalimiani kwa kurushiana neno njiani. Makofi yanapigwa taratibu, wanaulizwa watoto, inaulizwa mifugo, linaulizwa shamba, na hapo ndipo mtu anaruhusiwa kuwa na shida yake. Hatimaye Saady akabonyeza kitufe, na sauti ya Mama Ndayisaba ikapanda juu ya migomba, nyororo, haina kwikwi wala mkwaruzo.

Ulipokwisha watu walipiga vigelegele. Mama Ndayisaba hakupiga. Alikuwa ameinamisha sikio upande wa spika, bado anangoja.

"Na yule mwingine yuko wapi?" akauliza.

"Mwingine yupi, bibi?"

"Aliyeniita."

Mwamvua alimtazama Saady. Saady akazitazama nyaya zake kama aliyeziona leo kwa mara ya kwanza.

Wote wawili walikumbuka. Siku walipokuja kurekodi, mume wa bibi alikuwa hai, mzee Anania, mtu wa maneno mengi na kofia ya sufu. Mkewe akiwa katikati ya wimbo, macho ameyafumba, mzee alichungulia jikoni, akaona moshi, akapaza sauti kwa Kiha: "Mpawe we! Maharage yanaungua!" Bibi hakugeuza hata shingo. Aliimba mpaka mwisho. Ofisini Saady aliusafisha wimbo ule kama mtu anavyochambua mchele wa wageni: akatoa jogoo, akatoa mtoto aliyekohoa, akatoa na mzee Anania. Mwamvua aliusikiliza akasema, hapo sawa, sasa unapendeza.

"Bibi, tulitoa makelele," alijaribu kueleza, na neno lenyewe likamchoma ulimi kabla halijamaliza kutoka.

Mama Ndayisaba hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alivuta kitenge chake magotini, akasema kwa upole, bila kumtaja mumewe kwa jina, maana wanawake waliolelewa kama yeye hawataji jina la mume hata akiwa amekufa:

"Baba Ndayisaba aliniita mimi sikuitika. Niliona aibu, nyie mmetoka mbali na mashine zenu, nikate wimbo kwa ajili ya maharage? Mvua zilipoanza akafa. Sasa mwanangu, sauti yake inanitoka. Najua ilivyokuwa, ila siisikii tena. Nikajisemea moyoni, si kitu, watoto wa Kasulu wanayo. Siku wakirudi nitaisikia, na safari hii nitaitika." Akageuka kuitazama spika. "Halafu tangu aondoke hakuna anayeniita Mpawe. Ni Mama Ndayisaba, ni bibi, ni mama mkwe. Mpawenimana aliyezaliwa kwa mama yake, nani anamjua hapa?"

"Nitaileta, bibi," Mwamvua akasema. Maneno yalimtoka kabla akili haijayapitisha.

Saady alijizuia mpaka walipofika kwenye barabara kubwa. "Dada Mwamvua," alisema, akipunguza mwendo wa pikipiki, "utaleta sauti ipi? Ile ya mwanzo si uliifuta?"

Ndiyo, aliifuta. Diski moja ilikuwa imekufa, ya pili imejaa pomoni, pesa ya kununua nyingine inazungushwa kwenye maofisi, na wafadhili wanataka sauti safi tu. Akafuta zile mbichi akabaki na zilizosafishwa. Na hapo ndipo ninapomkasirikia, ingawa ni mtu ninayempenda, kwa sababu sheria hiyo yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wenzake kwenye semina: sauti ya mwanzo haiguswi, unatoa nakala, unasafisha nakala. Alikuwa hata ameibandika ukutani, juu ya birika la chai.

Walijaribu kila mbinu. Saady aliichokonoa ile diski kwa programu zote alizozijua na nyingine alizoziomba kwa rafiki zake wa Dar, akawa anasema "bado kidogo, dada, bado kidogo," mpaka siku moja akaacha kusema. Palipofutwa pameshaandikwa vingine juu yake. Mwamvua alikosa hamu ya kula. Kila akiketi kazini alimwona bibi na sikio lake lililoinama, na alijiona mwizi: ameingia nyumba ya watu akapokelewa kwa makofi, kisha akachukua sauti ya marehemu akaitupa jalalani.

Ni baba yake aliyemzindua, tena bila kujua. Jirani mmoja Muha alikuwa amewaletea mahindi mabichi ndani ya kikapu, na mzee Mansuri, kwa jinsi alivyozoea Kasulu, akamwambia binti yake, "Tia japo sukari humo kabla hujakirudisha. Usije ukanipelekea watu kikapu kitupu, wakatuona washenzi."

Mwamvua alisimama na kikapu mkononi. Siku ile ya kurekodi, walipokuwa wanafungasha, mzee Anania, mkewe akiwa jikoni na maharage yake, aliwazibia njia mlangoni. "Mmekuja na kikapu," aliwaambia, "tumewajazia, mnaondoka nacho. Na sisi hapa mnatuachia nini?" Walicheka wakidhani anatania. Hakuwa anatania. Ikabidi Saady achukue kadi ndogo ya memori iliyokuwa kwenye redio ya mzee, amtilie wimbo wa mkewe palepale, ukiwa mbichi kama ulivyotoka, ndipo wakapewa njia.

Mbio akampigia simu Ndayisaba, mtoto mkubwa wa bibi. Redio? Redio haipo Kitanga. Siku ya kumaliza matanga, vitu vya marehemu viligawanywa kwa ndugu kama desturi inavyotaka, na redio ilimwangukia baba mdogo, Nduwayezu, wa Nyabibuye. Hakuna aliyejua ndani yake mna nini, maana mzee alizoea kuisikiliza peke yake shambani. "Ila sijui kama utakuta kitu," Ndayisaba alisema. "Baba mdogo na kwaya! Kila mara anapeleka kadi kule senta wamwekee nyimbo mpya."

Mwamvua aliwafahamu vijana wa maduka ya kuweka nyimbo. Ukiwapa kadi, kitu cha kwanza wanaifuta yote ndipo wajaze upya.

Alipanda basi la alfajiri mpaka Kibondo, akaunganisha mpaka Kakonko, na kutoka hapo akachukua bodaboda, vumbi jekundu likimpamba hijabu. Simu ya Nduwayezu haikupatikana siku nzima. Njia nzima alikuwa akipanga namna ya kumwambia bibi kwamba hakuna. Alijaribu kwa Kiswahili, akajaribu kwa kile Kiha chake cha sokoni, na kwa lugha zote mbili ilikuwa aibu ileile.

Bodaboda ikasimama kwenye kona ya mihogo iliyoanikwa. Dereva alikuwa bado anauliza njia, ndipo kutoka nyuma ya nyumba sauti ya mtoto ikapaa, nyembamba, ya utani:

"Mpawe we! Maharage yanaungua!"

Na sauti ya mwanamke ikajibu kwa hasira za kuigiza, "Ukiyaona yanaungua si uyatoe!"

Mwamvua aliruka kutoka kwenye pikipiki bila kungoja dereva aelekezwe. Alikuwa anacheka, kumbe analia, na mzee aliyetokea mlangoni alipigwa na butwaa kumwona binti wa watu katika hali ile kabla hata ya salamu.

Alikuwa Nduwayezu, na baada ya makofi na maamkizi, ambayo safari hii Mwamvua aliyaharakisha mpaka akaona haya, mambo yakaeleweka. Ule wimbo ulikuwa ukichezwa nyumbani kwake kila siku Mungu aliyoiumba. Watoto waliukariri pamoja na mwito wake. Mtu akichelewa jikoni anaitiwa Mpawe, mke akisahau chungu anaitiwa Mpawe, na hata majirani waliokuwa hawamjui Mpawe ni nani walishaanza kulitumia jina.

"Na kadi hamkuifuta?" Mwamvua aliuliza, bado haamini.

"Kwaya nabadilisha," mzee alisema. "Ile haiguswi. Kijana wa dukani nilimwambia, weka unachotaka, ila ukigusa ya kaka yangu, mimi na wewe hatutaonana kwa wema." Alichukua redio akaipangusa vumbi kwa kiganja, ingawa haikuwa na vumbi. "Huwa nangoja pale anapoita. Wimbo wenyewe, shemeji anisamehe, siusikilizi sana."

Mwamvua alitoa nakala pale pale, akaitia kwenye simu, akaitia kwenye kompyuta, na kabla hajalala Kibondo alikuwa ameituma kwa Saady kwa ujumbe mkali: isiguswe, isisafishwe, hata jogoo asitolewe. Naye Nduwayezu hakumwacha aondoke mikono mitupu. Alimpa mfuko wa maharage.

Siku ya kurudi Kitanga hawakubeba spika kubwa wala hawakuita majirani. Alikuwepo bibi, Ndayisaba na mkewe, Saady, na Mwamvua aliyeishika simu kwa mikono miwili. Wimbo ukaanza. Jogoo akawika. Mtoto akakohoa, na mke wa Ndayisaba akacheka kidogo maana mtoto yule ni wake na sasa anakwenda shule. Mama Ndayisaba aliketi wima, mikono mapajani. Ukafika ule ubeti wa mama kumfunga binti kitenge, na kutoka mbali, nyuma ya wimbo, sauti nene yenye wasiwasi wa kawaida wa mtu mwenye njaa ikaita:

"Mpawe we! Maharage yanaungua!"

"Ndaje!" bibi akaitika.

Aliitika kwa nguvu, kwa sauti ya mke kijana mwenye mambo mengi, naja mume wangu, naja. Nusu ya mwili wake ilikuwa imeshanyanyuka kwenye kiti. Wimbo ukaendelea kwenye simu, sauti yake ya zamani ikiimba bila kujali. Mke wa Ndayisaba alijifunika uso kwa kanga. Saady aligeukia migomba, mabega yakimtikisika. Mwamvua hakujificha, aliyaacha machozi yashuke.

Mama Ndayisaba akawatazama mmoja mmoja, akashangaa.

"Mnalia nini nyie? Nimeitika tu. Sijasema naenda leo." Akaketi tena, akatengeneza kitenge chake vizuri. "Huko aliko atangoja. Hata siku ile alingoja, na maharage yaliungua kweli, na aliyala."

Kisha akamgusa Mwamvua goti.

"Haya, rudisha nyuma, mwanangu. Aniite tena."