Mfuko Uliovalishwa Maua

Hivi wewe umewahi kufungwa kitandani na mtu anayekupenda? Basi bibi mmoja wa wodi ya wanawake yalimkuta hayo, na aliyemfunga hakuwa na nia mbaya hata chembe.

Aliletwa hajitambui, homa ya mapafu imempanda. Wakamtia mpira wa mkojo ili wapime maji yanayomtoka, na siku hiyo mpira ulikuwa na kazi yake. Lakini homa ikashuka, bibi akaanza kula na kuwateta majirani, mpira ukabaki palepale. Mkamwana wake, mke wa kitinda mimba wake, aliona haya wageni waone mfuko wa mkojo wa mama mkwe ukining'inia kando ya kitanda. Akauvalisha kitambaa cha maua, akakikunja pembe, akakibana kwa pini hadi kikapendeza kama pazia la sebuleni. Wageni hawakuuona mfuko. Madaktari nao, wakipita asubuhi, hawakuuona.

Bibi alitaka jambo moja tu, kwenda chooni mwenyewe kama mtu mzima. Lakini angemwambiaje mkamwana aliyemwogesha, aliyemlisha, tena aliyemjibia kila swali aliloulizwa? Siku zikapita, miguu ikilegea kwa kulala.

Ndipo nesi mkuu akaja na utaratibu mpya: kila mpira wodini uulizwe una kazi gani leo, na usio na kazi ufunge virago. Akapita kitanda kwa kitanda. Alipofika kwa bibi akainua kile kitambaa, akashika kiuno.

"Huyu mgeni amepanga hapa tangu lini, na nani anamjua?"

Mkamwana alitamani ardhi ipasuke. Nesi akamweleza taratibu kwamba mpira ukikaa bure huingiza vijidudu na kumgandisha mzee kitandani. Daktari akaitwa, akakubali, mpira ukatoka. Sharti likawa kwamba bibi anywe maji, na mkojo utoke wenyewe. Ukigoma, mpira unarudi.

Wodi nzima ikashika roho mkononi. Jirani wa kitanda cha pili, waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki, alitangaza kila funda la maji kama mtangazaji wa kandanda. Haja ilipombana, bibi akainuka, mkono mmoja kwenye fremu ya kutembelea, mwingine begani kwa mkamwana, wagonjwa wakimpigia makofi hadi mlangoni pa choo.

Akaketi. Kimya. Mkamwana akafungua bomba ili maji yavute maji wenzake. Kimya. Akamkanda mgongo, akambembeleza, akainama kuchungulia. Wapi! Hofu ikamshika, akatoka mbio kumwita nesi, na mlango ukajifunga nyuma yake.

Hapo ndipo mvua ilipoangukia bati. Redio aliisikia kutoka kitandani, akatangaza bao, na wodi ikalipuka kwa vigelegele. Mkamwana akageuka mbio, akashika kitasa, akauliza kama aingie amsaidie mama.

"Kaa hukohuko nje, mwanangu," bibi akasema, sauti imejaa raha. "Tangu nifumbue macho humu, nilichokuwa nakitaka ni mlango uliofungwa, nami ndani peke yangu."